Mama Xaveria na Kura Tatu za Omurushaka

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mama Xaveria Kokugonza, Katibu Muhtasi Mkuu wa Ushirika wa Kahawa Tukwatanise, anastaafu baada ya kututumikia miaka thelathini na sita na miezi minne. Amefanya kazi chini ya wenyeviti watano, mameneja wanane, na paa moja ambalo limewavujia wote. Watu wa masjala wanakadiria kwamba ameandika mihtasari ya vikao zaidi ya elfu moja. Mwenyewe anasema hajui idadi, kwa sababu wakati wengine wanahesabu yeye alikuwa anaandika.

Alizaliwa Nyakakika mwaka 1965, mtoto wa nne wa katekista aliyelima kahawa na migomba katika kibanja kilichozunguka nyumba. Baada ya sekondari alisomea uhazili Bukoba, akarudi na cheti, viatu vipya, na kasi ya kuchapa iliyowafanya watu wasimame mlangoni kumtazama. Tarehe 1 Machi 1989 aliajiriwa hapa Omurushaka. Alikabidhiwa meza, kabati lisilofungika, na mashine ya kuchapa iliyokuwa imekatika herufi moja, herufi h.

Wenye umri wanazikumbuka barua za miaka ile. "Us irika wa Ka awa" ndivyo zilivyotoka kwenye mashine, na Mama Xaveria aliketi na kalamu akijaza kila h kwa mkono, nakala baada ya nakala, kwa vyama vya msingi vyote. Siku moja nakala ilimponyoka bila kujazwa, ikafika kijijini, na mzee mmoja akapanda baiskeli hadi ofisini kuuliza huyo Irika ni nani na amechaguliwa lini. Mama Xaveria hakumcheka. Alimpa chai, akamsomea barua nzima, kisha akamwomba radhi kwa usumbufu. Mzee aliondoka akiwa rafiki wa ofisi, na miaka mingi baadaye aliendelea kututania kwa kumwita mwenyekiti yeyote "Bwana Irika".

Ukweli wake katika uandishi ulijulikana mapema. Mwaka 1996, kikao cha bodi kilipokuwa kikiendelea asubuhi, senene, wale panzi wetu wa kuliwa, walivamia ukumbi kupitia madirisha. Wajumbe waliacha ajenda wakaanza kuwakamata, wengine kwa kofia. Muhtasari ulipotoka ulisema: "Kikao kilisimama dakika ishirini na tano kwa sababu ya senene." Mwenyekiti wa wakati huo aliomba sentensi ile iondolewe, maana nakala ingefika mkoani.

"Waliingia, mzee," alijibu Mama Xaveria. "Tukasimama, tukawakamata. Mkoani nao wanawajua senene."

Sentensi ilibaki. Mkoani walijibu kwa barua ya kuuliza kama kuna waliosalia.

Tungeweza kujaza kijitabu hiki chote kwa visa vya namna hiyo, na Mama angefurahi tuishie hapo. Lakini kuna jambo ambalo halijawahi kuandikwa popote likakamilika, na sisi tuliokuwepo tumeona si haki aondoke kabla halijaandikwa.

Lilianza Agosti 2011. Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Egbert Rweyemamu, mfanyabiashara aliyetoka Muleba, aliyekuwa ameongoza miaka tisa. Alikuwa mtu wa kupendwa, na alipendwa kwa haki. Alifufua kiwanda cha kukoboa kahawa kilichokuwa kimegeuka makazi ya popo. Alileta malori. Wakulima wengi walisomesha watoto kwa sababu yake, na mtu aliyekusomeshea mtoto si rahisi kumwambia kwamba leo amekosea njia.

Mwaka huo kampuni moja ya kukaanga kahawa, ya kusini mwa Ulaya, ilileta pendekezo. Ingenunua kahawa yetu yote kwa misimu mitatu, kwa bei moja iliyopangwa mapema. Sharti lao lilikuwa kwamba bei ile ipangwe kwa yuro badala ya dola tulizozoea. Kwa hesabu ya siku ile, bei ilikuwa tamu. Mzee Egbert alifurahi sana. Alisema wakulima watalala wakijua watakachoamka nacho.

Mama Xaveria alikuwa na redio ndogo juu ya lile kabati, na kila mchana alisikiliza taarifa ya habari huku akila. Miezi hiyo habari zilikuwa za yuro tupu: nchi zinazodaiwa, benki zinazotetereka, watu barabarani, mawaziri wanaokutana Jumapili. Siku moja alisema jambo ambalo tulilichukulia kama utani wa mezani.

"Huko kwao nako wapinzani wana shida," alisema akimenya ndizi. "Wanapiga kelele kwamba serikali inawapeleka shimoni. Wakiulizwa wao wangepita njia gani, wanakohoa. Kisha wanagombana wenyewe kwa wenyewe, na serikali inapita katikati."

Hakuna aliyejua kwamba alikuwa anatueleza mkutano wetu wenyewe.

Mkutano Mkuu ulifanyika Jumamosi, tarehe 6 Agosti 2011, katika ukumbi wetu. Wajumbe mia na kumi na wawili walihudhuria. Waliokuwa na mashaka walikuwa watatu, na kila mmoja alikuja na shaka lake peke yake.

Wa kwanza alikuwa Bwana Telesfori, wa Nyakakika. Alikuwa na hoja nzuri kuhusu yuro, lakini aliwahi kugombea uenyekiti akashindwa, na kila mtu alikumbuka. Alipopewa nafasi alitumia nusu saa kuzungumzia gari la mwenyekiti, safari za mwenyekiti, na viti vipya vya ofisi ya mwenyekiti. Alipofika kwenye yuro muda ulikuwa umekwisha, na watu walikuwa wamekwisha kuamua kwamba huo ni wivu.

Wa pili, Bwana Elipidius wa Isingiro, alikuwa msomi, na karatasi yake ilikuwa safi. Lakini wilaya mpya ya Kyerwa ilikuwa inazaliwa, naye alitaka Kyerwa iwe na ushirika wake. Alianza kwa kusema kwamba hata mkataba ungekuwa wa dhahabu yeye angeupinga. Baada ya hapo nani angemsikiliza?

Wa tatu alikuwa Bi Mukamusoni, naye wa Isingiro, mjane aliyekuwa mjumbe kwa mara ya kwanza. Alisimama nyuma kabisa, akauliza swali moja kwa sauti ambayo ilibidi tunyamaze ili tuisikie.

"Waitu, jamaa zangu, hiyo fedha yao ikianguka, itatuangukia sisi au itawaangukia wao?"

Ukumbi ulicheka. Mzee Egbert naye alicheka, bila ubaya, kama baba anavyomcheka mtoto aliyeuliza kama mwezi unaweza kudondoka.

"Mama," alisema, "Ulaya ilikuwepo kabla ya babu zetu. Kaa kwa amani."

Makofi yalipigwa. Bi Mukamusoni alikaa. Mikono ikanyooshwa: mia na tisa walikubali, watatu walikataa. Wale watatu hawakuwa wamekaa karibu. Nadhani hata hawakuonana.

Jumatatu asubuhi Mzee Egbert aliingia ofisini kwa Mama Xaveria. Mlango ulikuwa wazi, na karani aliyekuwa chumba cha pili alisikia kila neno.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Xaveria. Ule muhtasari umefikia wapi?"

"Umekamilika. Nasubiri sahihi yako."

Aliusoma akiwa amesimama. "Hapa weka kwamba mkutano uliridhia kwa kauli moja. Mnunuzi anataka kuona umoja wetu."

"Kauli zilikuwa mbili, mzee."

"Watatu katika mia na kumi na wawili nao wana kauli?"

"Ndogo. Lakini ilisemwa, nikaiandika."

"Na swali la yule mama, la nini humu? Wazungu wataona tunawadhania wanaanguka."

"Ndilo swali pekee lililoulizwa kuhusu mkataba wenyewe," alisema Mama Xaveria. "Nikilitoa, mkutano utaonekana haukuuliza kitu."

Mzee Egbert hakupandisha sauti, hakuwa mtu wa kufoka. Aliiweka karatasi mezani bila kuitia sahihi, akatoka. Siku tatu baadaye ilikuja barua ya mistari miwili: Bi Xaveria Kokugonza anahamishiwa ghala la Isingiro kuwa karani wa mizani.

Tufahamu ulivyokuwa uzito wa mistari ile miwili. Alikuwa mjane kwa miaka minne. Binti zake, Evelyn na Allen, walikuwa sekondari hapa karibu, na mama yake mzazi alikuwa Nyakakika akihitaji mtu wa kumwangalia. Angeweza kurudi kwa mwenyekiti akasema, "Sawa, naandika kwa kauli moja," na maneno matatu yangemrudisha kwenye meza yake. Alifunga redio yake kwa khanga, akawaacha binti zake kwa shangazi yao pamoja na maagizo, akapanda basi la kwenda Isingiro, kule Kyerwa. Evelyn ametuambia kwamba ile wiki ndiyo pekee aliyowahi kumwona mama yake akipika bila kuimba.

Muhtasari wa mkutano ukaandikwa upya na yule karani wa chumba cha pili. Aliandika kwamba mkutano uliridhia kwa kauli moja. Swali la Bi Mukamusoni halikuwemo.

Kule Isingiro, Mama Xaveria alipanga chumba nyuma ya duka, akajifunza mizani ndani ya siku mbili. Wakulima walimpenda haraka, maana alimwonyesha kila mtu mshale uliposimama kabla hajasema uzito. Redio ilikaa juu ya magunia. Miezi ikapita, na habari ikawa ileile: yuro inashuka. Shehena zetu zilikuwa zinafika Ulaya, malipo yanakuja kwa bei tuliyokubaliana, yuro zilezile, lakini zikigeuzwa kuwa shilingi zilikuwa zimepungua njiani. Mafuta ya malori, magunia na dawa tulivinunua kwa bei ya dola, na dola haikuwa na habari na mkataba wetu. Malipo ya pili, ambayo wakulima huyategemea kwa karo na bati, yalikuwa madogo kiasi kwamba vyama vingine vilidhani ni malipo ya awali ya msimu mwingine.

Watu walianza kurudi kwenye butura, ile desturi mbaya ya kuuza kahawa ikiwa bado mbichi mtini kwa mtu mwenye pesa mkononi, kwa bei anayotaka yeye. Tulidhani tumeizika. Mei 2012, msimu mpya ulipofunguliwa, mzee mmoja aitwaye Lameck alikuja ghalani Isingiro na gunia limekunjwa kwapani. Alikuwa akileta magunia manane kila mwaka.

"Kahawa inakuja nyuma, baba?" Mama Xaveria alimwuliza baada ya kumwamkia.

"Haiji, mwanangu. Imeuzwa yote kabla haijaiva, mke wangu alilazwa. Leo sina cha kupima. Nimekuja kukusalimia tu, usije ukadhani nimekukimbia."

Mama Xaveria anasema hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu ahamishwe, na hakulia kwa sababu ya kuhamishwa. Alilia kwa sababu alikuwa ameisikiliza ile redio kabla ya mkutano. Yeye hakuwa mjumbe, hakuwa na haki ya kusema ukumbini. Lakini aliwafahamu wale watatu, na hakumwambia hata mmoja wao kile alichokijua.

Jumapili iliyofuata baada ya misa alimfuata Bi Mukamusoni. Akamwomba awaite Bwana Elipidius na Bwana Telesfori. Walikutana nyumbani kwa Bi Mukamusoni, na Telesfori alipoona Elipidius amekwisha kuketi alitaka kugeuza. Mama Xaveria aliwaambia maneno ambayo mpaka leo Telesfori huyarudia kwenye mikutano.

"Ninyi mna kiu moja, lakini mnachimba visima vitatu, na kila kimoja kimeishia magotini. Chimbeni kimoja."

Aliwasomea katiba ya ushirika, ukurasa ambao hakuna aliyewahi kuusoma: wanachama wakifikia idadi fulani wanaweza kuitisha mkutano maalumu. Akawasomea na mkataba, kifungu cha kumi na moja: upande wowote unaweza kuomba aina ya fedha ibadilishwe mwisho wa msimu wa kwanza, mradi uombe kwa maandishi kabla ya mwisho wa Julai. Zilikuwa zimebaki wiki nane.

"Kwa hiyo tumtoe Egbert!" alisema Telesfori.

"Mkimtoa Egbert, yuro itapanda?" Bi Mukamusoni alimwuliza.

Telesfori alifikiri. Tunaambiwa alifikiri muda mrefu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Haitapanda," alisema.

"Basi tuombe kinachowezekana. Yeye atakuja kujibiwa na wapiga kura siku yake ikifika," alisema Bi Mukamusoni.

Elipidius naye alikubali kuweka pembeni habari za ushirika wa Kyerwa. Walikubaliana kwamba msemaji awe mmoja, na awe yule ambaye hakuna anayeweza kumtuhumu kwamba anataka cheo. Bi Mukamusoni alikataa mara mbili kabla ya kukubali.

Usiku huohuo haukupita kabla Mama Xaveria hajamwandikia mwenyekiti barua. Nakala tunayo. Anasema: "Nimewaeleza wajumbe watatu yaliyomo katika katiba na katika mkataba. Sikuongeza langu. Ukitaka nikueleze na wewe, niko Isingiro, saa za kazi." Alijua barua ile ingeweza kumfukuzisha. Aliona heri afukuzwe kwa jambo ambalo mwenyekiti amelisikia kutoka kwake.

Sahihi zilikusanywa kwa miguu na kwa pikipiki, Nyakakika hadi Isingiro. Zilizidi idadi iliyotakiwa. Mzee Egbert alizipokea, akapanga tarehe ya mkutano. Alichokuwa anapitia tulikuja kukisikia kutoka kwake mwenyewe. Alikuwa amekwenda msibani Nyakakika, akakaribishwa ndani kwa heshima zote, akapewa kiti. Akasubiri kahawa ya kutafuna, ambayo hakuna nyumba ya kwetu inayomkosesha mgeni. Haikuja. Mwenye nyumba alisogea akamnong'oneza, "Utusamehe, mwenyekiti, kahawa yote ilichukuliwa na mwenye butura, hata ya kutafuna hatukubakiza." Alisema kiti kile kilimchoma.

Wiki moja kabla ya mkutano maalumu alimpigia simu Mama Xaveria.

"Njoo uandike mkutano," alisema. "Sitaki kuandikiwa na mtu anayeniogopa."

Mama Xaveria alirudi kwenye meza yake Jumatatu. Jambo la kwanza alilofanya ni kufungua faili la Agosti. Alisoma ule muhtasari, akamwita karani aliyeuandika.

"Soma hapa," alisema.

Karani alisoma: mkutano uliridhia kwa kauli moja.

"Bi Mukamusoni alikuwa wapi siku hiyo?"

"Alikuwepo, mama."

"Mbona humu hayupo?"

"Niliagizwa."

"Najua," alisema Mama Xaveria. "Hata mimi niliagizwa."

Alimpa karani yule chai, akaendelea kupanga viti vya mkutano. Yule karani alikuwa na miaka thelathini na mmoja, ana mke na mtoto mchanga. Ndiye anayeandika wasifu huu.

Tarehe 14 Julai 2012 ukumbi ulijaa hadi madirishani. Ajenda ya kwanza ilikuwa kuthibitisha muhtasari uliopita, na kwa kawaida ajenda hiyo huchukua dakika moja. Karani alisimama kuusoma. Alipofika kwenye maneno yale matatu, aliacha kusoma. Alitazama meza kuu. Mama Xaveria alikuwa ameinama akiandika, hakumsaidia, hakumtisha.

"Hapa pana kosa," karani alisema. "Haikuwa kauli moja. Watatu walikataa, na Bi Mukamusoni aliuliza swali ambalo sikuliandika. Mkono ulioandika ni wangu."

Minong'ono ilianza. Mzee Egbert alisimama.

"Mkono ni wake," alisema, "sauti ilikuwa yangu. Bi Xaveria aliandika kweli, nikampeleka Isingiro. Bi Mukamusoni aliuliza swali, nikamjibu kwa kicheko. Nawaomba radhi wote wawili. Sasa nani analikumbuka swali lile? Naomba liulizwe tena, nilijibu vibaya."

Bi Mukamusoni alitoka nyuma, safari hii akaja mbele. Hakuuliza tena. "Lilishajibiwa," alisema. "Ilituangukia sisi. Leo nimekuja na ombi." Akasema kwa dakika sita: tuombe bei irudi kwenye dola kwa misimu miwili iliyobaki, barua itoke kabla ya Julai kwisha, na kuanzia sasa hakuna mkataba utakaopigiwa kura kabla haujasomwa kijijini kwa Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani. Telesfori aliunga mkono kwa sentensi moja. Watu walimpigia makofi kwa ufupi wake. Elipidius alikuwa ameandika rasimu ya barua tayari.

Kura hazikuwa za kauli moja. Tisa walikataa, wakisema mnunuzi atakasirika, na Mama Xaveria aliandika sababu zao neno kwa neno.

Mnunuzi hakukasirika. Alijibu baada ya siku kumi na mbili kwamba anakubali. Hasara ya msimu ule haikurudi, na hatutasema ilirudi. Kuna viwanja viliuzwa, kuna watoto walipoteza mwaka wa shule. Lakini misimu miwili iliyofuata malipo ya pili yalikuja kamili, na Mzee Lameck alifika ghalani akiwa na magunia matano, kisha tisa. Mzee Egbert alimaliza kipindi chake, hakugombea tena. Bi Mukamusoni alikuwa makamu mwenyekiti kwa miaka sita. Katiba yetu sasa ina kifungu kinachosema kwamba hoja ya wachache itaandikwa pamoja na sababu zake, na wachache watapewa muda wa kuchagua msemaji kabla ya kura. Vyama vya jirani vimekuja kukinakili.

Karani yule hakufukuzwa. Mama Xaveria alimfundisha kazi upya, kuanzia jinsi ya kusikiliza. Katika miaka kumi na mitatu iliyofuata hakumkumbusha kosa lake hata mara moja, wala kwa utani, na wanaomjua Mama kwa utani wataelewa kwamba hiyo ilikuwa zawadi kubwa.

Sasa anarudi Nyakakika. Anasema atalala mpaka jua litoke, atapogoa mibuni ya baba yake, na ataimba sauti ya pili katika kwaya, bila kuandika muhtasari wa mazoezi. Evelyn ni muuguzi, Allen ni mwalimu, na wajukuu watatu wanasubiri bibi mwenye nafasi.

Mama Xaveria, wafanyakazi wenzako, bodi na wanachama wa Tukwatanise, wa Karagwe na wa Kyerwa, tunakushukuru. Umetufundisha kwamba mtu akisimama peke yake nyuma ya ukumbi, naye ni mkutano. Mungu akupe afya, kibanja chenye rutuba, na siku ndefu zisizo na ajenda. Kwa niaba ya wote waliokubali, na wote waliokataa, na mmoja aliyeandika vibaya ukamvumilia: asante, mama. Uende ukapumzike vizuri.

Winston Kahangwa
Katibu Muhtasi Msaidizi
Omurushaka